Maswali Yanayopitia Nyumbani

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Bi Laini alifungua tableti yake na kumtafuta binti yake.

Msimcheke. Kila mtu ana lake la asubuhi: wengine chai, wengine redio, wengine kuchungulia dirishani kama jirani amefagia upande wake. La Bi Laini lilikuwa ukurasa mmoja wenye mistari midogo midogo, ulioandikwa na kisanduku cheupe kilichokaa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Kisanduku kile kiliandika kila kitu: saa, kifaa, na mahali kifaa kilipoulizia. Luninga imeuliza hiki, simu ya mkwe imeuliza kile. Na katikati ya mistari hiyo, mara thelathini au arobaini kwa siku, kulikuwa na neno moja lililomfanya aweke kikombe chini. Neno lenyewe ni Kitinda.

Kitinda ni binti yake wa mwisho. Alikuwa na miaka ishirini na sita, anaishi mji ulio mbali saa tisa kwa basi, na alikuwa hajasema neno na mama yake kwa miaka miwili na ushei. Lakini simu yake ilikuwa inasema na nyumba kila siku.

Hapa inabidi nieleze kidogo, na msinikimbie, si vigumu. Simu haijui majina, inajua namba tu. Ukitaka kufungua gazeti au benki yako, simu kwanza huuliza, "Jamani, fulani yuko namba ngapi?" Kuna mtambo wa kujibu maswali hayo, wenyewe wanauita DNS, na watu wengi wanatumia wa kampuni ya mtandao bila hata kujua upo. Kitinda hakutaka. Alipokuwa anasomea kompyuta alijenga wake, kwenye kisanduku kile, hapo hapo nyumbani. Akaifundisha na simu yake mwenyewe iulize nyumbani popote itakapokuwa, swali likisafiri limefungwa kama barua kwenye bahasha, asilisome mtu njiani. Bahasha ilifunguliwa juu ya kabati la vyombo, si penginepo.

Bi Laini aliielewa kazi ya kisanduku siku ya kwanza tu, akawashinda wengi waliosoma, kwa sababu ndiyo kazi iliyomweka mjini. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa kwa miaka thelathini na moja. Mtu anapiga, anasema nipe wodi ya wazazi, yeye anajua ni namba ngapi, anaunganisha, anajitoa. Kujitoa ndiko kulikokuwa na kiapo. Aliwaunganisha waliofiwa na madaktari waliochelewa, aliwaunganisha waume na wanawake wasio wake zao, na hakusikiliza hata mmoja. Jina la Bi Laini alilipata kule kwenye laini za simu, na alilivaa kwa fahari.

Sasa mtu wa namna hiyo siku moja akakuta kompyuta ya bintiye imeachwa wazi mezani, ujumbe wa mwanamume fulani umejaa kwenye kioo. Kinyozi, mwenye kibanda cha kiti kimoja. Akasoma. Angeishia hapo tungesema ni udhaifu wa binadamu. Hakuishia hapo, lo! Alichukua namba, akampigia kijana wa watu kwa ile sauti yake ya kazini, akamwambia binti yake ana mchumba wa maana, na yeye atafute saizi yake.

Kitinda aligundua kabla jua halijazama. Hakupiga kelele. Alisema, "Miaka thelathini na moja hukusikiliza simu ya mgonjwa hata mmoja, Mama. Ukaja kusikiliza ya kwangu." Kesho yake akafunga begi. Na kaka yake mkubwa, anayeishi hapo hapo nyumbani na mkewe, aliachiwa onyo moja tu: Mama akitaka habari zangu, asizipate kwako.

Kaka huyo ni Fundi. Mama yake anamwita Fundi, mkewe anamwita Fundi, mtaa mzima unamwita Fundi. Anafunga mitandao ya kompyuta kwenye maofisi ya watu huku nyaya za kwao zikila vumbi. Na kwa siri hana mchezo. Ukimuuliza habari za Kitinda anajibu, "Mzima," kisha anaulizia bisibisi yake iko wapi.

Kwa hiyo Bi Laini alibaki na kisanduku. Lakini tusimwonee Kitinda, hakuwa mjinga wa kuacha kisanduku kikimwandika. Kabla ya kuondoka alizima daftari la kisanduku. Ilikuwa miezi miwili baadaye, luninga imejaa matangazo ambayo kisanduku kilizoea kuyazuia, ndipo Bi Laini alipochukua ile karatasi ya nywila iliyobandikwa ubavuni mwa kabati, akafungua ukurasa wa mipangilio, akaona mstari usemao: Kuandika maulizo, hapana. Akabonyeza ndiyo. Asije akawaambia kidole kiliteleza. Kidole kilijua kinakwenda wapi.

Kuanzia siku hiyo alimwona mwanawe akiamka. Saa kumi na mbili kasoro, hali ya hewa. Saa moja, ratiba ya mabasi. Mchana, ofisi yake. Jumapili, mpira, jambo lililomshangaza, maana Kitinda hakuwahi kupenda mpira, na akakisia kwamba kinyozi bado yupo. Yalikuwa majina matupu. Kisanduku kinajua mlango uliobishwa hodi, hakijui kilichosemwa ndani. Bi Laini aliyaweka majina yale pamoja, akajitengenezea mtoto wa kukaa naye mezani.

Halafu, miezi mitano iliyopita, likaja jina la kliniki ya wajawazito. Wiki iliyofuata, duka la nguo za vichanga. Kisha ukurasa wa kuchagulia majina ya watoto, siku nne mfululizo.

Bi Laini akajua atakuwa bibi, na hakuna aliyemwambia.

Iliuma ile furaha, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumgawia. Amwambie Fundi? Atauliza umejuaje. Amwambie mkwe? Mkwe naye atamwambia Fundi. Akawa anatembea nayo ndani ya nyumba kama mtu aliyebana kikohozi kanisani. Na lililomuuma kuliko yote ni hili, kwamba maswali yote ya mwanawe yalipita hapo kwake, juu ya kabati lake, na hakuna hata moja lililokuwa la kumuuliza yeye. Kitinda aliuliza dunia nzima, na mama aliyezaa mara mbili alisimama pembeni kama nguzo ya simu.

Mambo yalikuwa hivyo Fundi alipotangaza mezani, "Mama, Jumamosi natoa hiki kizee."

"Kizee nani?" Bi Laini alidakia, maana alidhani anasemwa yeye.

"Kisanduku. Kimechoka, kinapata moto kama pasi. Na si hilo tu. Maswali yakitoka hapa kwenda nje yanakwenda uchi, kampuni ya mtandao inayasoma yote. Mke wangu anaongea na wagonjwa wake kule chumba cha nyuma, haifai."

Mkwe alikuwa mshauri nasaha, na mwezi huo ndio alioanza kufanyia kazi nyumbani. Akaitikia, "Watu wananieleza mambo ambayo hawajamweleza mtu, Mama. Sitaki hata kivuli cha mtu mlangoni."

"Naweka kipya," Fundi akasema. "Kila swali linatoka limefungwa, ndani na nje. Na hakitaandika chochote. Hakuna daftari kabisa."

"Hata kidogo?" akauliza Bi Laini.

"La nini?"

Bi Laini akajifanya anaokota kijiko.

Jumamosi ya kwanza kichwa kilimuuma, hakutaka kelele za kutoboa ukuta. Jumamosi ya pili alikuwa anangoja mtu muhimu ampigie kwenye tableti, mtu ambaye hakupiga kwa kuwa hakuwepo. Jumamosi ya tatu aliificha karatasi ya nywila ndani ya foronya ya mto wa kochi, kisha akasaidia kuitafuta kwa bidii kuliko wote, mpaka akapiga magoti kuchungulia chini ya jiko. Alijua anatia aibu. Lakini bado wiki nane mtoto azaliwe, alikuwa amezihesabu, na daftari likifungwa sasa atakaa gizani kama jirani wa mbali, mjukuu atazaliwa na atakuwa wa mwisho kusikia, kama atasikia.

"Mama, wala usihangaike na nywila," Fundi alisema, akijipangusa vumbi. "Ninayo kichwani, Kitinda alinitajia."

Akaketi sakafuni na kompyuta yake mapajani, akinakili mipangilio ya zamani kabla hajachomoa. Bi Laini alisimama nyuma yake akikunja kitambaa cha meza ambacho kilishakunjwa. Baada ya muda Fundi akaacha kubonyeza.

"Nani kawasha daftari?"

"Daftari gani?" Bi Laini akajitia hamnazo.

"Kitinda alilizima mbele yangu, siku anaondoka." Alishusha ukurasa kidogo. Bi Laini aliona macho yake yakifika kwenye jina la Kitinda na kusimama. Fundi akaifunga kompyuta papo hapo, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya, akamtazama mama yake. Afadhali angefoka.

Akachomoa kisanduku, taa yake ya kijani ikazimika, akaingia chini ya meza na waya mpya.

Zilipita dakika ishirini hivi. Fundi alikuwa ameshika nyaya nane nyembamba alizozipanga kwa rangi, akiziachia anaanza upya, pale simu yake ilipolia juu ya kochi. Simu ya kawaida, si ya intaneti.

"Mama, nipokelee, mikono imejaa."

Bi Laini akaiokota. Kwenye kioo: Kitinda. Akapokea, na kinywa kikasema chenyewe kile kilichozoea kusema kwa miaka thelathini na moja.

"Habari za mchana, nikuunganishe na nani?"

"Mama?"

"Ndimi."

"Kaka yuko wapi?"

"Chini ya meza."

"Mwambie intaneti yangu imekata ghafla. Simu inasema haipati nyumbani. Amegusa kisanduku?"

"Anaweka kipya."

"Sawa." Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko alivyoikumbuka, na yenye adabu, adabu ile ya kumjibu karani. "Basi mwambie akimaliza anitumie..."

Angeweza kusema haya mwanangu, nitamwambia. Fundi asingemchoma, si kawaida yake. Kisanduku cha zamani kingetupwa na siri yake ndani, na Kitinda asingejua maisha yake yote. Bi Laini aliliona hilo wazi kabisa. Lakini alikuwa amemsikia mwanawe, na kusikiwa bila kujua ndiko kulikomfukuza mwanawe nyumbani.

"Usikate," akasema. "Kile kisanduku kilikuwa kinaandika."

"Hakiandiki, nilizima mwenyewe."

"Niliwasha mimi."

Chini ya meza, nyaya zilianguka.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili baada ya wewe kuondoka."

"Na unasoma?"

"Kila siku."

Akamsikia akipumua, akamsikia anahesabu: kliniki, nguo, yale majina siku nne. "Kwa hiyo unajua," Kitinda akasema.

"Najua."

"Nilikuwa nakuja kukwambia." Adabu ya karani ilikuwa imekwisha, sasa ilikuwa sauti ya yule yule wa miaka sita aliyevunja mkono akaficha. "Nilishaanza kupanga nitaanzaje. Mwezi mzima napanga, naandika, nafuta. Nilitaka nikuone uso. Hata hilo umenichukulia, Mama."

Simu ikakatika.

Fundi akatoka chini ya meza, nywele zimejaa utando wa buibui. "Unajua nini?"

"Si langu la kusema," Bi Laini akajibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili ilikuwa kweli.

Akakaa kwenye kochi, akalia wazi wazi, bila kujificha na kitambaa. Fundi alisimama hapo na koleo mkononi, hajui aiweke wapi. Mwishowe akasema, kwa upole wa mtu asiyejua kubembeleza, "Nikiacha daftari la wiki moja tu? La kutafutia hitilafu. Mafundi tunafanya hivyo."

Mungu wangu, mtihani gani ule! Wiki moja. Angeona kama Kitinda amelala, kama ameamka, kama simu yake imerudi nyumbani au imehamia kwingine kwa hasira. Bi Laini alipiga moyo konde.

"Zima. Kisha tunga nywila mpya, mtumie Kitinda. Mimi usinipe, na wewe usibaki nayo."

"Kikiharibika?"

"Utamwomba."

"Mama, mimi ndiye fundi wa nyumba hii!"

"Na mwenye kisanduku ni yeye. Andika."

Fundi akaandika, shingo upande. Lilelile jina la zamani la nyumba kwenye mtandao akaliacha, ili simu ya Kitinda ikitaka kuuliza hapo ijibiwe, na isipotaka, basi. Ujumbe ulikwenda. Ulisomwa. Haukujibiwa.

Siku zilizofuata Bi Laini alizijua kwa urefu wake. Asubuhi mkono ulikwenda kwenye tableti wenyewe, ukurasa ukafunguka, ukaomba nywila, akaufunga. Kisanduku kipya, cheusi, kidogo kuliko sabuni, kilikaa kimya juu ya kabati, maswali ya watu wote yakipita ndani yake yamefungwa. Labda ya Kitinda yalikuwemo. Labda hayakuwemo. Hakujua kama mtoto yule amepanda basi, kama mgongo unamuuma, kama kinyozi anamshika mkono wakivuka barabara. Alikuwa amezoea kumkosa mwanawe huku anamwona. Sasa alimkosa kweli kweli, na kulikuwa na saa alimtamani hata yule wa kwenye mistari.

Alifikiria kupanda basi. Alitoa hata begi. Akalirudisha, kwa kuwa hakuitwa.

"Mama, unaumwa?" mkwe alimuuliza.

"Naumwa, ila si pa kupeleka hospitali."

Mkwe hakuchokonoa. Alimsaidia kumenya viazi.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Bi Laini alikuwa uani anaanika shuka. Simu yake mwenyewe ikaita mfukoni. Aliitoa kwa mikono inayochuruzika maji.

"Mama."

"Naam."

"Nimeingia kwenye kisanduku. Nimekipekua chote."

"Enhe."

"Daftari limezimwa tangu Jumamosi ile, saa kumi na dakika tano."

"Ndiyo."

"Hujajaribu kuingia?"

"Nimejaribu. Mara mbili. Kiliomba nywila, nikafunga."

"Mara tatu. Kinawaandika wanaobisha hodi."

"Basi tatu," Bi Laini akasema, na upande wa pili kukatoka pumzi fupi ya puani, ambayo kwa Kitinda, tangu utotoni, ni kicheko kilichokatazwa kutoka.

"Kwa hiyo jana hujui nilikuwa wapi."

"Sijui."

"Wala juzi."

"Wala juzi, mwanangu. Wala kama umekula, wala kama umelala. Nakaa hapa sijui kitu. Na ule uso uliotaka kuuona, nimekukosesha. Sina cha kukulipa. Nisamehe."

Shuka lilipigwa na upepo likamgusa shavu, akalisogeza. Alisikia kiti kikiburutwa kule, mtu anakaa taratibu, na kuguna kule kwa mwanamke aliye mzito.

"Miguu imevimba," Kitinda akasema.

"Umemwambia mkunga?"

"Nimemuuliza mkunga. Kanipima presha, kasema iko sawa. Nimeuliza na mtandaoni. Sasa nakuuliza wewe. Viatu vyote vimenikataa. Ulipokuwa na mimba yangu, wewe ulivaa nini?"

"Vya baba yako," Bi Laini akasema, akitafuta kwa mkono mahali pa kukaa, akakaa juu ya beseni la nguo mbichi. "Vile vyeusi vya kazini. Nilikwenda navyo kazini miezi miwili, navikokota."

"Vya Baba?"

"Ndiyo."

"Na watu hawakukucheka?"

"Walinicheka sana," akasema mama yake. "Ngoja nikwambie."